Kutoka Milima ya Upare Hadi Baharini: Meli Ipi na Bandari Ipi?

Huenda mkastaajabu kumwona mtu wa Same akishika kalamu kuandika habari za meli. Mji wetu uko mbali na bahari. Ukisimama stesheni ya Same utaona nchi kavu yenye miiba na vumbi, na milima ya Upare imesimama kama ukuta upande wa mashariki; na asubuhi isiyo na mawingu utaiona theluji ya Kilimanjaro upande wa kaskazini-magharibi. Maji yetu ya bondeni ni ya mvua chache, na yale ya huko juu ni ya vijito na ndiva. Mtoto wa Same aweza kukua mpaka akaota ndevu pasipo kuona wimbi.

Walakini milima hii na bahari ni jamaa wa tangu zamani. Reli iliyojengwa na Wajerumani kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na njiani ilipita Mombo, Makanya na hapa Same. Tangu hapo mkonge wa mashamba ya bondeni ukawa ukiteremshwa Tanga na kupakiwa melini, ukaenda Ulaya kusokotwa kamba. Kwa hiyo mtu wa kwetu aliyepanda gari la moshi alikuwa amekwisha kutia mguu mmoja baharini, ajue asijue.

Mimi mwenyewe ni mchuuzi wa tangawizi. Naipokea kwa wakulima wa Mamba, huko milimani juu ya Gonja, naishusha bondeni, kisha naifuata sokoni iendako. Kazi hii imenipeleka Unguja na Pemba mara nyingi hata sikumbuki hesabu yake, na imenifikisha Mwanza, Bukoba, Kigoma na Mombasa. Nimepanda boti za mbio na meli za polepole; nimelala katika kitanda cha daraja la pili, na nimelala juu ya magunia yangu. Ndiyo maana vijana wa kwetu, wakitaka kuvuka maji, huja kuniuliza.

Mwaka juzi, baada ya sala ya Ijumaa, mpwa wangu alinifuata nje ya msikiti. Akaniamkia, nikaitika marahaba, kisha akasema: “Mjomba, nimealikwa arusi Pemba, nami nataka kwenda na mke wangu na mtoto wetu mchanga. Wewe umepanda meli zote. Niambie, meli ipi iliyo bora, na bandari ipi ya kuondokea?”

Nikamwuliza yeye alikuwa amefikiri nini. Akaniambia kuwa rafiki yake amempa shauri la kuteremka hadi pwani ya Pangani, ambako kuna majahazi yatokayo usiku kwenda visiwani pasipo tikiti wala maswali. Nauli ni ndogo, naye hatakuwa na haja ya kuzunguka mpaka Dar es Salaam. Akalisema jambo hilo kwa furaha, kama mtu aliyeokota fedha njiani.

Sikumjibu pale pale. Nalimwambia aje nyumbani usiku, baada ya Isha. Yafuatayo ndiyo niliyomweleza, nami nayaandika hapa kwa kuwa naamini si yeye peke yake anayeuliza swali hilo.

Nilianza na bandari, maana mtu huiona bandari kabla ya meli. Sisi wa Same tuna milango mitatu ya kufikia bahari. Wa kwanza ni Tanga, yapata kilomita 250 kutoka kwetu, nao ndio mlango wetu wa asili. Kwa miaka mingi meli kubwa hazikuweza kufunga gatini Tanga kwa uchache wa kina. Zilitia nanga mbali, na mizigo ikapelekwa na matishari. Katika miaka ya karibuni bandari ile imechimbwa, kina kikaongezwa kutoka mita 3 hadi mita 13, na meli zikaanza kufunga gatini. Ni bandari tulivu, na watu wake ni wapole. Lakini meli ya abiria ya kwenda Pemba haipatikani kila siku, na mtu asiyeulizia mapema aweza kukaa Tanga siku kadhaa akila akiba yake.

Mlango wa pili ni Mombasa, kwa njia ya Himo, Holili, Taveta na Voi. Hiyo ni bandari kubwa kuliko zote za pwani yetu, na huko utaziona meli za utalii zenye ghorofa nyingi, kama mtaa mzima umeng’olewa na kuelea. Watalii hushuka asubuhi, wakatembea, wakarudi melini jioni. Ni uzuri wa kutazama. Lakini meli hizo hazikuwekwa kwa ajili ya mchuuzi wa tangawizi, wala hazimpeleki mtu arusini Pemba.

Mlango wa tatu ni Dar es Salaam. Ni mbali zaidi, na joto lake twalijua. Lakini huko kuna boti za kwenda Unguja kila siku, asubuhi na jioni. Anayetaka Pemba huweza kuvuka hadi Unguja, akashuka Malindi, kisha akapata chombo kingine cha kwenda Mkoani. Mwaka 2019, mwezi wa Desemba, treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi ilirudishwa baada ya kutoonekana kwa miaka zaidi ya ishirini. Nami nilipoisikia ikipiga honi hapa Same, nalikumbuka utoto wangu.

Kisha nikamweleza habari za vyombo vyenyewe. Kati ya Dar es Salaam na Unguja kuna boti za mbio zilizoundwa Australia, zenye matumbo mawili, nazo huitwa Kilimanjaro. Mara ya kwanza nilipoziona nilicheka peke yangu: mlima niuonao mlangoni kwangu kila asubuhi nimeukuta unaelea baharini! Boti hizo huvuka kwa muda wa saa mbili hivi. Viti ni vizuri na safari ni fupi. Lakini wakati wa kusi, hasa Juni mpaka Agosti, chombo chepesi chenye mbio hurushwa na mawimbi, na wengi hutapika. Mwenye kuchagua wakati wake na avuke wakati wa maleleji, pepo zinapobadilishana na bahari ikatulia.

Meli kubwa za mizigo na abiria ni namna nyingine. Hizo huenda polepole, huchukua magari na magunia, na uzito wake huzipa utulivu. Serikali ya Zanzibar ilileta meli ya namna hiyo mwishoni mwa mwaka 2015, Mapinduzi II, iliyoundwa Korea ya Kusini kuchukua abiria 1,200. Katika meli kama hiyo mtu huweza kutandika mkeka, akala chakula chake, akasali kwa nafasi. Na hapa kuna jambo moja zuri. Makka iko karibu kaskazini kabisa ya pwani yetu. Basi ukitoka Unguja kwenda Pemba, meli yaelekea kaskazini na kibla huwa mbele penye omo. Na wakati wa kurudi kibla huwa nyuma penye tezi. Msafiri ajuaye hayo hana haja ya kumsumbua baharia.

Pia mjue kuwa bahari ya Unguja na bahari ya Pemba si moja. Kati ya Dar es Salaam na Unguja maji hayana kina kikubwa. Lakini Pemba imetengwa na bara kwa mkondo wenye kina cha mamia ya mita. Na mtu apitaye ncha ya Nungwi huhisi mara moja kuwa ameingia bahari nyingine. Watu wa Pemba wanaijua habari hiyo na hawaifanyii mzaha.

Nimepanda na meli za maziwa. Mwanza kuna meli Victoria, iliyoanza kazi katika Ziwa Victoria mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikatengenezwa upya na kurudi kazini mwaka 2020. Safari yake ya Bukoba ni ya usiku. Unaondoka mji ukiwaka taa, unaamka ukiona vilima vya Kagera. Na Kigoma nilipanda Liemba zamani zile ilipokuwa ikifanya safari. Meli hiyo iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitwaliwe na adui; mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Penye vijiji visivyo na gati ilisimama ziwani hata usiku wa manane, na mitumbwi ikaizunguka, watu wakipanda na kushuka na kuku wao na madumu yao ya mawese. Sijapata kuona safari ya majini iliyonipendeza zaidi.

Mpwa wangu alikuwa akisikiliza kwa hamu. Akasema: “Basi, Mjomba, meli zote hizo nzuri. Lakini bado hukunijibu. Ipi iliyo bora?”

Nikamwambia, nitakujibu, lakini kwanza nitakueleza aibu yangu.

Miaka michache kabla ya 2011, siku mbili kabla ya Idi, nilikuwa Unguja na magunia matano ya tangawizi. Nilitaka kufika Pemba kabla ya sikukuu, maana bei ya sikukuu si bei ya siku nyingine. Tikiti zilikuwa zimekwisha. Mlinzi wa mlangoni, kijana mwenye adabu, aliniambia: “Mzee, meli imejaa, rudi kesho.” Nalimkasirikia sana. Nikamtafuta mtu niliyemfahamu, nikamtia kitu mkononi, nikaingia kwa mlango wa mizigo na magunia yangu yote matano. Jina la chombo hicho silitaji, wala silitaji jina la mtu huyo. Kosa ninalolieleza ni langu.

Ndani hapakuwa na mahali pa kuweka mguu. Nalipata nafasi juu ya sanduku kubwa la chuma, nikaketi na kushukuru. Tulipopita Nungwi meli ikaanza kuinama upande mmoja, ikakaa hivyo kitambo kirefu kabla ya kujiinua. Watu wakaacha mazungumzo. Bibi mmoja aliyekuwa karibu nami, mwenye mtoto mgongoni, aliniuliza: “Baba, majaketi ya kujiokolea yako wapi?” Nikatazama huku na huku. Kisha nikatazama chini, nikasoma maandishi ya lile sanduku. Nilikuwa nimeyakalia mimi, na magunia yangu mawili yalikuwa juu ya kifuniko.

Tulifika Mkoani salama. Tangawizi ikauzika kwa bei njema. Na jambo ninaloliona baya kuliko yote ni kwamba kwa miaka kadhaa nilikuwa nikisimulia habari ile kwa kujisifu: jinsi nilivyokataliwa na jinsi nilivyojua kupenya.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli Spice Islander ilizama karibu na Nungwi, katika njia ile ile ya Unguja kwenda Pemba. Ramadhani ilikuwa imekwisha siku chache tu nyuma. Meli hiyo ilistahili kuchukua abiria mia sita na kitu. Uchunguzi ulionyesha baadaye kuwa waliokuwamo walizidi 2,000. Mimi nilikuwa hapa Same, nikasikia habari katika redio wakati wa asubuhi. Mtu aliyezoea kunipokelea mizigo Wete alifiwa na mke wake na watoto wake wawili. Nilipokwenda kumpa pole nilikaa mbele yake nisiweze kusema neno, kwa kuwa nilijua kuwa watu kama mimi ndio waliojaza meli ile: mmoja mwenye haraka, mmoja mwenye magunia matano, mmoja mwenye rafiki mlangoni.

Tangu siku hiyo nilianza kuzichunguza habari za misiba ya majini, nami nikaona kuwa aghalabu kisa ni kimoja. Meli Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Ilistahili kuchukua abiria 430. Idadi ya waliokufa hukadiriwa tu, kwa mamia mengi, kwa sababu wasafiri wa daraja la tatu hawakuandikwa majina. Mtu alikufa, na hata karatasi haikujua kuwa alikuwa hai. Wengi wao wamezikwa pamoja Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati ya Ukara, watu wakiona nchi kavu mbele yao. Kilijengwa kwa watu 101, na waliokufa walizidi 220. Huko Mombasa, tarehe 29 Aprili 1994, kivuko Mtongwe kiliua watu 272 kikiwa karibu tu na ufuko, nacho pia kilikuwa kimezidiwa.

Angalieni, ndugu zangu: bahari si moja, na meli hizo si za namna moja. Nyingine zilikuwa baharini, nyingine ziwani. Nyingine za mwendo wa usiku kucha, nyingine za mwendo mfupi. Lakini katika zote idadi ya watu ilikuwa kubwa kuliko kiasi cha chombo, na hapana aliyesema basi, imetosha.

Jambo hili sisi watu wa milimani tunalifahamu kuliko tunavyodhani. Huko Upare wazee wetu walijenga ndiva. Maji ya kijito hukusanywa humo usiku, na asubuhi tundu huzibuliwa, maji yakateremka mferejini, kila mtu akanywesha shamba lake kwa zamu. Mwenye kusimamia ndiva hatazami tu kuwa maji ni mengi, hutazama ukuta. Maji yakikaribia ukingo wakati wa masika, huyaachia yaende zake hata kama wakulima wanalalamika kuwa yanapotea bure. Kwani anajua kuwa ndiva ikijazwa kupita ukuta wake huvunjika, na ikivunjika haimnyimi maji mtu mmoja aliyelalamika, bali huchukua mashamba na nyumba za walioko chini wote. Meli nayo ina ukuta wake. Ukitazama ubavuni mwa meli kubwa utaona duara lililokatwa na mstari. Alama hiyo ilitiwa katika sheria ya Uingereza mwaka 1876, kwa juhudi za mbunge Samuel Plimsoll, aliyechukizwa na matajiri waliozipakia meli kupita kiasi na mabaharia wakafa. Alama hiyo ikizama, meli imezidiwa. Na kwa kuitazama hakuhitajiwi elimu kubwa.

Tena sisi Waislamu tuna kisa tunachokisoma tangu chuoni. Nabii Yunus, alayhi salaam, aliingia katika jahazi lililojaa, na mwisho wake kura zikapigwa. Walimu wetu hutufundisha mengi katika kisa hicho. Nami mchuuzi sina elimu ya kuongeza. Nasema tu kuwa kila nipandapo chombo nalikumbuka neno lile, kuwa jahazi lilikuwa limejaa.

Na wale waendao Hija zamani walijua thamani ya amana majini. Mwaka 1880 meli iliyoitwa Jeddah ilikuwa ikichukua mahujaji zaidi ya 900 kutoka Singapore na Penang kuelekea Makka. Ilipofika karibu na Ras Guardafui, katika pembe ya Somalia, ikaanza kuingia maji. Nahodha na maofisa wake wakashuka usiku katika mashua, wakawaacha mahujaji, waume kwa wake, wakaokolewa na meli nyingine na kutoa habari Aden kuwa Jeddah imezama. Kumbe haikuzama! Kisha meli nyingine iliivuta hadi bandarini Aden, mahujaji karibu wote wakiwa hai. Nahodha alinyang’anywa cheti chake kwa muda wa miaka mitatu. Kisa hicho kilisimuliwa dunia nzima, na mpaka leo kinatufundisha kuwa ubora wa meli huanza kwa watu walioaminiwa roho za wenzao, kabla ya chuma na rangi na viti.

Basi nikamwambia mpwa wangu: “Umeniuliza meli ipi iliyo bora. Bora ni ile yenye mtu mlangoni awezaye kukuambia hapana, na umwombapo kwa machozi au umwonyeshapo fedha, akasema tena hapana. Bandari bora ni ile inayoandika jina lako, na la mke wako, na la mtoto wako mchanga, kabla hamjakanyaga ngazi. Ukikuta bandari inayompokea kila mtu, usifurahi. Jahazi la Pangani unalolisifu halina orodha. Likizama usiku, sisi huku Same hatutajua hata ni siku gani tuanze kukulilieni.”

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema: “Lakini Mjomba, Dar es Salaam ni mbali, na gharama ni mara mbili.” Nikamwambia kuwa ni kweli, wala sikumdanganya. Nikampa sehemu ya nauli.

Nikampa na mashauri madogo, nayo nawapa wasomaji. Uliza hali ya hewa siku moja kabla, na wenye chombo wakisema leo hatutoki, washukuru. Kata tikiti dirishani kwa jina lako mwenyewe, wala usisafiri kwa jina la mtu mwingine. Ukiingia, kabla ya kutafuta kiti kizuri, tafuta jaketi la kujiokolea, tena ulize la mtoto, maana la mtu mzima halimfai. Hakikisha sanduku lake halikufungwa kwa kufuli wala halikuwekewa mizigo. Keti katikati ya chombo, sehemu ya chini, mahali ambapo kuyumba ni kudogo. Tafuna kipande cha tangawizi kabla ya kuondoka, ni dawa njema ya kichefuchefu. Na hayo siyasemi kwa kuwa mimi ni mchuuzi wake. Chombo kikikaribia gati, usikimbilie upande mmoja pamoja na umati. Wengi wamekufa wakiwa na haraka ya kushuka. Soma dua ya safari, usali sala zako kwa namna uliyoruhusiwa msafiri, na mtegemee Mwenyezi Mungu. Lakini kumtegemea Mungu ni baada ya kumfunga ngamia, si badala yake.

Wiki tatu baadaye nilikuwa nimeketi dukani kwangu, karibu na stendi ya Same, basi la kutoka Dar es Salaam likasimama. Mpwa wangu akashuka, na nyuma yake mke wake na mtoto, na kikapu chenye karafuu. Tukasalimiana. Nikamwuliza habari za arusi, akasema ilikuwa njema. Kisha akaanza kulalamika.

“Mjomba, tulipata taabu. Tulifika gatini tukaambiwa boti ya jioni imejaa. Nilimsihi yule mtu, nikamwonyesha mtoto, nikamwambia tumetoka Same. Hakujali. Ilitubidi tulale kwa jamaa Magomeni, na tukaikosa siku ya kwanza ya arusi. Tulikataliwa kabisa!”

Nilimchukua mtoto mikononi mwangu. Alikuwa amelala, na vumbi la njia ya Hedaru na Makanya lilikuwa katika nywele zake.

“Alhamdulillahi,” nilimwambia. “Basi hiyo ndiyo bandari niliyokutuma.”